Taulo Baridi za Dokta Nyororo

Kabla hajawa daktari, Nyororo aliuza manukato, na kabla ya manukato aliuza saa za mkono zilizokuwa zikikata roho kabla mnunuzi hajafika kwake. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na mji, kwa sababu mbili: ulimi wake, na uso wake. Ulimi alijitengenezea mwenyewe kwa mazoezi. Uso alirithi kwa mama yake, nao ulikuwa laini kama yai lililomenywa, bila chunusi wala kovu, ingawa ulioshwa kwa sabuni ya kufulia.

Siku bahati ilipomkonyeza alikuwa kwenye benchi la saluni moja, chupa za manukato magotini, akisubiri mwenye saluni amalize uso wa mteja ili apate kumdanganya kwa nafasi. Mteja alikuwa mama wa makamo, kalala chali, nywele zimefungwa kitambaa. Mwenye saluni alimpaka jeli, akaanza kuisugua kwa ncha za vidole, polepole, kwa mviringo. Mara vikatoka vitu vidogo vya kijivu, kama makombo ya kifutio juu ya daftari la mtoto asiyejua hesabu. Vikamwagikia taulo. Mama akainua kichwa, akaviona, akashika kifua.

"Huu wote ni uchafu wangu?"

Nyororo alitega sikio. Sauti ile haikuwa ya huzuni. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba babu yake alikuwa mfalme.

Mwenye saluni, mwanamke mkweli na kwa hiyo mwenye benchi bovu, akamjibu kwamba hapana, mama, ngozi iliyokufa hapo ni kidogo mno. Mengi ni jeli yenyewe, imetengenezwa ijikunje hivyo ikisuguliwa. Uso wa mama ukasinyaa. Alilipa, akashukuru kwa midomo tu, na namna alivyoufunga mlango ilieleza kwamba hatarudi. Ameambiwa yeye ni msafi. Nani husamehe tusi kama hilo?

Nyororo akaondoka bila kuuza hata chupa moja, na kwa mtu wa tabia yake hiyo ilikuwa ishara ya mawazo mazito. Watu, alijisemea akivuka barabara, hawalipi ili wawe safi. Wanalipa ili waonyeshwe walivyokuwa wachafu, mradi uchafu wenyewe uwe mwingi kuliko wa jirani.

Basi, mji ukapata daktari.

Alipanga vyumba viwili ghorofani, juu ya duka la viatu. Koti jeupe alilinunua kwa muuza nguo za wachinjaji, nalo lilimkaa vizuri, maana kazi hazikutofautiana sana. Ukutani alitundika vyeti ndani ya fremu, juu sana, mahali ambapo macho ya kawaida husoma muhuri tu; kimoja kilikuwa cha kushiriki mbio za magunia. Akanunua vitanda, taa yenye lenzi ya kuchungulia vinyweleo, mashine ya kufukiza mvuke, na kabati dogo la umeme la kupashia taulo moto. Mezani mbele akamweka binamu yake, msichana mpole aliyekuwa na ndoto ya kuijua kazi hii kwa kweli. Alimwahidi kumfundisha. Ahadi, kama mjuavyo, hazina gharama ya kutunza.

Mteja akifika, Nyororo alimchungulia uso kupitia lenzi kwa muda mrefu bila kusema, halafu akavuta pumzi. Pumzi ile peke yake ilitosha kuwafanya watu wazima waombe msamaha. Kisha akasugua jeli, makombo yakatoka, naye akayakusanya kwa brashi, akayatia ndani ya kichupa cha kioo, akabandika jina la mteja na kumkabidhi kwa mikono miwili, kama mkunga.

"Hiki," alisema kwa upole, "ndicho ulichokuwa ukitembea nacho."

Mji mzima ulishikwa wazimu. Vichupa vikawekwa sebuleni, kwenye makabati ya vioo, karibu na picha za harusi. Mke wa mwenye hoteli alimshutumu mke wa mkandarasi kwamba kichupa chake kimeongezwa chenga za mkate, na wawili hao hawajaamkiana mpaka leo. Hata mkuu wa shule fulani ya bweni alikuja, kwa mlango wa nyuma, na miwani ya jua ingawa kulikuwa na mawingu. Huyu ndiye aliyekuwa akiwasimamisha wanafunzi mstarini kila asubuhi na kuwakagua kucha, akiwaambia usafi ni mwanzo wa hekima. Kichupa chake kilijaa hadi kifuniko kikagoma. Alikiangalia kwa fahari ya mtu aliyefaulu mtihani, akaomba kingine.

Daktari alikuwa na kanuni, kwa sababu utapeli usio na kanuni ni ujambazi tu. Kanuni ya kwanza: mteja avue vito vyote, kila mkufu, pete na hereni, aviweke kwenye kisahani. Watu wa fani halisi hufanya hivyo ili vito visikwaruze wala kupakwa mafuta. Nyororo alifanya hivyo ili ajue bei ya kutaja. Ya pili: macho yafunikwe kwa pamba. Hapo mteja hakuweza kuona kwamba krimu ya dhahabu na krimu ya lulu zilichotwa kopo moja. Ya tatu ndiyo aliyoipenda zaidi. Barakoa ikishapakwa usoni na kuanza kukauka, mteja asiseme, asicheke, asitikise hata mdomo, la sivyo mikunjo itagandia hapo maisha yake yote. Kanuni hii aliibuni mwenyewe, siku alipopata mteja mwenye maswali.

Na kulikuwa na jambo dogo la kabati la taulo. Nyororo hakuziamini benki, kwa kuwa alijua watu wanavyozungumza wakiwa wamevaa makoti mazuri. Mapato yote aliyalaza ndani ya kabati hilo, chini ya taulo, akalifunga kwa kufuli, na ufunguo ukaning'inia kwenye mkufu shingoni mwake. Kwa vile noti hazipendi kuchemshwa, kabati halikuwahi kuwashwa. Taulo zikawa baridi. Mteja akilalamika, daktari alimweleza kwamba moto huzubaisha ngozi na baridi huiamsha, na mteja akatoka akitetemeka na kushukuru.

Mambo yangeendelea hivyo hadi mwisho wa dunia, kama si duka la dawa la ng'ambo ya barabara. Asubuhi moja Nyororo alichungulia dirishani akaona jeli ileile, katika chupa ileile, imepangwa kwenye rafu ya mbele kwa bei ya sabuni, na maelezo yake yameandikwa kwa herufi zinazosomeka bila lenzi. Akajua siku zake zinahesabika. Mtu mmoja tu akijaribu kuisugua jeli ile kwenye goti, kigae au mlango wa jokofu, atapata makombo yaleyale, na mji utatambua kwamba sebule zake zimepambwa kwa jeli iliyokauka. Na watu waliodanganywa huwa wakali, lakini waliodanganywa mbele ya majirani huwa wakali zaidi.

Alihitaji mjinga wa kumuuzia kituo chake kizima cha urembo, upesi.

Ndipo akatokea Shangazi. Alijitambulisha hivyo tu: niite Shangazi, mwanangu, kila mtu ananiita hivyo. Alivaa gauni lililofuliwa hadi rangi ikaomba kustaafu, na mkoba mkubwa wa ngozi bandia. Nyororo alikaribia kumtajia bei ya maskini. Kisha Shangazi akapandisha mikono ya gauni ili avue vito, na bangili za dhahabu zikateremka moja moja hadi kisahani kikajaa. Daktari akameza mate na kumwita mama.

Alikuwa mteja wa kuombwa kwa Mungu. Alilala, akafumba macho, akanyamaza alipoambiwa. Makombo yalipotoka aliguna kwa masikitiko yafaayo. Ni taulo tu iliyomshtua.

"Mwanangu, mbona ya baridi?"

Akapewa somo la ngozi iliyozubaa. Akalikubali. Kisha akauliza kwa nini kabati la taulo lina kufuli.

"Vijidudu, Shangazi."

"Vijidudu hufungua milango?"

"Vya siku hizi vimesoma."

Shangazi alitikisa kichwa, akasema kweli, elimu imeharibu kila kitu. Nyororo akaenda kunawa mikono chumba cha pili, akijizuia kuimba. Aliporudi alimkuta bibi ameketi kitandani, kichupa mkononi, akitazama uchafu wake kwa unyenyekevu. Alipokwisha kuondoka, Nyororo aliona juu ya meza ya kioo duara dogo lenye makombo ya kijivu, akamfokea binamu yake kwa kutofuta meza. Binamu alisema aliifuta, tena sasa hivi, kabla bibi hajaingia. Nyororo akamwambia asibishane na daktari.

Shangazi alirudi, safari hii na neno. Alikuwa na binti wa marehemu dada yake aliyemaliza masomo na sasa anakaa nyumbani akichosha makochi. Angependa kumnunulia biashara. Je, daktari asingemuuzia?

Nyororo alijishika kifua. Alieleza kwamba kituo hiki ni mtoto wake, kwamba wagonjwa wa ngozi wangelia, kwamba wazungumze bei. Walizungumza. Shangazi alipunguza kidogo, kwa adabu, kama mtu anayepunguza ili tu asionekane hajui kupunguza, kisha akafungua mkoba kwa upana wa kiganja, naye Nyororo akaona kando za mabunda yaliyofungwa kwa mpira. Akaufunga.

"Ila mimi sinunui nisichokiweza," alisema. "Nitakuja na wanangu waje wakipime chumba, na nitakufanyia wewe huo uso, mwanzo hadi mwisho, kwa kanuni zako. Nikimaliza salama, mkoba huu ni wako. Kanuni zikikushinda mwenyewe, basi ni za uongo, na sitampa mtoto wa dada yangu uongo."

Ombi lilikuwa la haki, na haki ilikuwa jambo ambalo Nyororo hakulizoea. Hakujua palipo na mlango wake wa nyuma. Akakubali.

Walikuja mchana, jua kali. Wanawe walikuwa vijana wawili wenye mabega ya kubebea makabati, kila mmoja na utepe wa kupimia. Gari lao la mizigo waliliegesha chini, mlangoni pa duka la viatu. Shangazi alivaa aproni, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akamwomba binamu asimame karibu ampitishie vifaa. Wawili hao walisalimiana kama watu waliokwisha kunywa chai pamoja. Nyororo hakuliona hilo. Alikuwa akiutazama mkoba, uliowekwa kwenye kiti mbele yake kama mgeni rasmi.

"Vua vito, daktari."

Akavua saa na pete.

"Na mkufu."

Nyororo alisema mkufu huu ni mwembamba, hausumbui. Shangazi aliweka brashi chini. Alisema kwa upole kwamba bangili zake hazikusumbua pia, na alizivua. Wale vijana wakaacha kupima. Binamu akatazama sakafu. Chumba kizima kilisubiri kuona kama kanuni ni kanuni.

Mkufu ukavuliwa. Nyororo aliuweka mwenyewe kwenye kisahani na kukisogeza kando ya kichwa chake, ili ukiguswa ausikie. Mjini ni akili.

Pamba zikafunika macho yake, giza likaingia. Vidole vya Shangazi vilikuwa vyepesi na vya ustadi kupita kiasi kwa mwanafunzi. Mtu mwingine angejiuliza vilijifunzia wapi, kwenye nyuso za nani, na nyuso hizo ziliamka zikiwa zimepungukiwa na nini. Nyororo alijiambia tu kwamba yeye ni mwalimu mzuri. Jeli ikasuguliwa. Akasikia brashi ikikusanya makombo.

"Kumbe na wewe, mwanangu," Shangazi aliguna. "Daktari mzima."

Nyororo alikaribia kucheka, lakini barakoa ikaanza kupakwa, nzito na ya baridi kama udongo wa ukutani. Yeye mwenyewe alikuwa na tabia ya kuwapaka wateja mashavuni tu, kubana matumizi. Shangazi hakuwa bahili. Alipaka paji la uso, alipaka nyusi, alipaka kidevu, akazunguka mdomo mpaka likabaki tundu la kupitisha pumzi.

"Sasa usiseme, usicheke, usitikise mdomo. Ndivyo ulivyonifundisha?"

"Mm," alisema Dokta Nyororo, na hilo likawa neno lake la mwisho siku hiyo.

Mashine ya mvuke ikawashwa, ikasogezwa kando ya sikio lake, ikafoka kama sufuria inayochemka. Alijua si mahali pake. Lakini kumkosoa ni kusema, na kusema ni kuvunja kanuni, na kanuni ikivunjika mkoba utaondoka kwa miguu yake. Kosa dogo hilo, aliwaza. Binti wa dada atalirekebisha. Katikati ya mfoko ule alisikia kisahani kikilia kling, taratibu, pale palepale penye mkufu wake. Akatulia. Baada ya muda, kling tena. Bibi mwangalifu, anahakikisha vito vipo.

Kikaburuzwa kitu. Shangazi akainama na kumwambia kwamba vijana wanajaribu kama kitanda cha pili kinaweza kukaa upande wa dirisha. Baadaye kikaburuzwa kingine, kikaelekea upande wa ngazi, na kikashuka. Hapo moyo wa Nyororo uligonga mlango. Alitaka kuuliza. Ulimi ulijikunja kinywani, tayari. Ulimi uliomlisha na kumvisha, uliowahi kumuuzia kipofu miwani na kumrudia kumuuzia kitambaa cha kuifutia. Lakini aliyaona mabunda yale gizani, yakiwa yamefungwa kwa mpira, na ulimi ukalala. Kisahani kikalia kling. Barakoa ikakaza. Uso wake ukawa ukuta.

Miguu mingi ikapanda na kushuka. Halafu miguu ikapungua.

Mwisho, mikono ya Shangazi ikainua kichwa chake kwa upendo na kumzungushia taulo shingoni. Nyororo aliachia pumzi. Lilikuwa jambo tamu ajabu. Misuli yote ya shingo, iliyokuwa imekaza kwa wasiwasi, ikalegea kama mtoto aliyebebwa. Akawaza kwamba kazi hii, ukiifanya sawasawa, ina raha yake. Akawaza kwamba laiti angewapa wateja taulo kama hii wangelipa mara mbili. Taulo nene, safi, na ya moto.

Akalala hivyo kidogo, akiifurahia ile taulo ya moto.

Ya moto.

Wazo lilipanda ngazi polepole, likapumzika katikati, likafika. Taulo ikiwa ya moto, kabati limewashwa. Kabati likiwashwa, limefunguliwa. Likifunguliwa...

Aliruka. Pamba zikaanguka. Chumba kilikuwa kitupu hata mwangwi ukamsalimu. Hakukuwa na kitanda cha pili, taa ya lenzi, katoni za jeli wala mkoba. Vyeti vilikuwa vimeteremshwa vyote, isipokuwa kile cha mbio za magunia. Aproni ya binamu ilining'inia msumarini, imenyooshwa vizuri, kwa namna ya mtu aliyepata kazi kwingine. Ndani ya kisahani kulikuwa na kijiko cha chai. Ndicho kilichokuwa kikilia kling. Na pale ukutani, mlango wazi, taa nyekundu inawaka, kabati la taulo lilikuwa likifanya kazi yake halali kwa mara ya kwanza tangu linunuliwe. Lilikuwa moto, lilikuwa safi, na halikuwa na kitu ndani.

Dokta Nyororo alifungua kinywa apige mayowe ya mwizi. Kinywa hakikufunguka. Barakoa ilikuwa imeganda kama bomba la zege, na kupitia lile tundu ilitoka sauti ya njiwa anayeota. Aliikimbilia ngazi. Chini, gari la mizigo lilikuwa likijiondoa kando ya duka la viatu bila haraka yoyote, na mkono wenye bangili za dhahabu ulikuwa dirishani, unapunga upepo.

Angeliwahi. Kwa miguu yake, angeliwahi kabla halijaingia barabara kuu. Lakini katikati ya ngazi alikuwa amesimama mkuu wa shule, miwani ya jua usoni, amekuja kwa ahadi yake ya mchana, na ngazi zilikuwa nyembamba.

Nyororo alipunga mikono. Alionyesha barabarani. Alijipiga kifua, akauonyesha mfuko, akaguna, akalia. Mkuu wa shule aliuona uso mweupe uliokauka, akaelewa hali mara moja, kwa ile akili nyepesi inayowafanya watu wapewe shule. Akanyoosha mkono na kumzuia kifuani kwa heshima kubwa.

"Usiseme, daktari," alinong'ona. "Mikunjo."

Akamgeuza taratibu, akamrudisha juu, akamketisha kwenye kitanda kilichobaki. Gari lilisikika likibadilisha gia mbali, kisha halikusikika. Nyororo alishika barakoa kwa kucha zote na kuivuta. Ilitoka kwa mpigo, kipande kimoja, na nyusi zake zote mbili zikaenda nayo. Maana kuna hatua ya kupaka mafuta kwenye nyusi kwanza, hatua ambayo kila msichana wa saluni huijua siku ya kwanza kazini, na daktari hakuwahi kuifundisha kwa sababu hakuwahi kuijua. Uso ule wa yai ukabaki yai kweli. Machozi yalimtoka. Mkuu wa shule alidhani ni ya kitaalamu.

Kisha macho ya mgeni yakatua dirishani, ambako Shangazi alikuwa ameacha kichupa kimoja cha kioo, kimefungwa vizuri na kubandikwa jina la Dokta Nyororo. Alikichukua, akakiinua kwenye mwanga, akakizungusha mara kadhaa. Makombo yalifika chini kidogo ya nusu.

Nyororo alimtazama bila nyusi, akisubiri angalau neno la pole.

"Changu," alisema mkuu wa shule, na sauti yake ikajaa furaha isiyofichika, "kilijaa."